Mama Wasiwasi na Watoto Wasiolia

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, anastaafu rasmi muuguzi wa Chumba cha Unyonyeshaji, mama ambaye nusu ya mji inamfahamu kwa jina moja tu la Mama Wasiwasi. Jina lake la kwenye faili lipo, anayelitaka akaliulize ofisi ya utumishi, lakini sisi tukilitumia wodini yeye mwenyewe hageuki. Zamu yake ya mwisho ilikuwa Jumatano. Mimi ndiye ninayebaki na chumba chake, ndiyo maana nikapewa kazi ya kuandika maneno haya kwenye ratiba ya sherehe, kwa sharti kwamba yawe ya kuchangamsha. Nitajikaza. Ila nisiwadanganye, naandika roho ikiwa mkononi, kwa sababu kuna kichanga kimoja wodi ya watoto ambacho nimetoka kukiangalia sasa hivi, na nikimaliza aya hii nitaenda kukiangalia tena.

Jina la Mama Wasiwasi hakupewa kwa kuonewa. Huyu ni mtu anayerudi kutoka getini kuhakikisha kwamba amefunga dirisha, kisha anarudi tena kuhakikisha kwamba kweli alirudi. Lifti ya jengo letu hajaipanda tangu izinduliwe. Mvua ikitanda anawapigia simu watoto wake, wote watu wazima wenye nyumba zao, kuuliza kama wamefika salama, na mmoja wao kazi yake anaifanyia sebuleni. Tulimcheka jamani, tena mbele yake. Alikuwa anacheka pamoja nasi mpaka machozi yanamtoka, halafu anayafuta na kuuliza kama mtoto wa kitanda cha dirishani ameshakojoa.

Alianza kazi chumba cha kujifungulia. Wakongwe wa pale wanasema alikuwa mkunga hodari mwenye kasoro moja, hajui kufurahi. Mtoto akitoka salama, wenzake wanapongezana, ndugu huko nje wanakumbatiana, yeye kasimama pembeni anauliza kama mtoto ameshakamata titi. Akiambiwa bado, hatulii. Akiambiwa tayari, anataka kuona kwa macho yake. Matroni wa wakati huo alimvumilia, akamvumilia, mwisho akachoka. Akamfungulia stoo moja ya ghorofa ya tatu iliyojaa vitanda vibovu, akamwambia achukue woga wake akaufanyie kazi huko. Nadhani matroni alitaka tu kupumua. Mama Wasiwasi akafuta vumbi, akaomba benchi, akapata na viti viwili vifupi visivyo na mikono, na Chumba cha Unyonyeshaji kikaanza hivyo, bila utepe wala mgeni rasmi.

Kati ya yote aliyoyaogopa, hakuna lililomtisha kama mtoto mtulivu. Wengi wetu tukiingia chumba chenye watoto tunamkimbilia anayelia. Yeye alikuwa anawapita wote wanaopiga kelele, mama zao wanamwita, wanamvuta koti, yeye huyo anaenda moja kwa moja kwa aliyelala. Alitueleza sababu mara nyingi. Kichanga kisichopata maziwa hulia siku ya kwanza, hulia ya pili, halafu nguvu zinakiishia kinaanza kulala. Nyumbani wanashukuru kwamba wamepata mtoto mpole, majirani wanakuja kusifia, mama naye anapata usingizi kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Kila mtu anatembea kwa kunyata asimwamshe. Na mtoto anazidi kupungua ndani ya shuka zake safi, watu wakimwangalia.

Alikosea pia, tusimfanye malaika. Daktari wetu wa watoto, ambaye leo ana mvi na wakati ule alikuwa na nywele nyingi kuliko uzoefu, alitolewa kwenye chakula cha mchana akapandishwa ngazi mbiombio, kwa sababu kuna mtoto hashtuki. Daktari akainama kumsikiliza. Mtoto akafumbua jicho moja, akacheua maziwa kwenye tai ya daktari, akarudi kulala. Alikuwa ameshiba tu. Daktari anaisimulia hadithi hiyo kila sherehe na leo ataisimulia tena, mvumilieni. Mama Wasiwasi alimwomba radhi kwa heshima zote, na wiki iliyofuata akamtoa tena kwenye chakula chake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nisingethubutu kuliandika kama si yeye kuniambia kwamba nisipoliandika atasimama katikati ya sherehe alisimulie mwenyewe. Ni kuhusu ubao.

Miaka ile chumba chake kilikuwa na shida ya wachunguliaji. Waume wanapitisha vichwa mlangoni kuuliza kama mke bado, vijana wa kuleta mizigo wanaingia bila kubisha, akina mama wanahangaika kujifunika, mtoto anaachia titi, kazi yote inaanza upya. Mama Wasiwasi akamwendea seremala wa hospitali, akamchongesha ubao mzuri uliopakwa rangi nyeupe na maandishi mekundu: AKINA MAMA TU. WANAUME HAWARUHUSIWI. Akaupigilia mlangoni kwa mkono wake. Wachunguliaji wakakoma, akina mama wakashusha pumzi, na uongozi ukampa pongezi. Hakuna hata mmoja aliyeona kasoro yoyote kwenye ubao ule, na yeye mwenye kuogopa kila kitu, huo ubao hakuuogopa.

Mimi wakati huo nilikuwa bado sijaajiriwa. Nimeisikia kwake, nimeisikia kwa wafagiaji, na daktari naye kanihadithia, na wote wakifika katikati sauti zinashuka.

Asubuhi moja alikuja dereva wa lori, jitu la miraba minne, amebeba kichanga chake kifuani. Mke wake alikuwa nyumbani na homa kali, titi moja limevimba na kuwa jekundu, hata kuinuka kitandani ni taabu. Alikuwa amemtuma mumewe amtafute yule mama wa kunyonyesha, amuulize afanye nini, maana maziwa hayatoki na mtoto anashinda amelala. Dereva akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akafika mlangoni, akasoma ubao. Akarudi hatua chache, akakaa kwenye benchi la pale ngazini, mtoto mikononi.

Watu walipita. Mnajua sisi na salamu, hakuna aliyempita kimya. Wauguzi walimsalimia, wafagiaji walimsalimia, wageni walimuuliza habari za nyumbani naye akasema nzuri, kwa sababu ndivyo inavyojibiwa. Wakamsifia mtoto kwa upole wake. Mama Wasiwasi mwenyewe alipita mara tatu. Mara ya kwanza alimsalimia, akidhani anamsubiri mke wake aliye ndani. Mara ya pili alimtania kwamba leo baba kageuka yaya, na dereva akacheka kwa adabu. Mara ya tatu, jua limeshapanda, ndipo alipoona kwamba chumbani hakuna mtu, akina mama wote wameshaondoka, na huyu baba bado amekaa palepale.

Akafunua shali. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka mpaka inapasuka, utosi umebonyea, nepi kavu tangu walipotoka nyumbani. Akampapasa unyayo kwa kidole. Mtoto hakuvuta mguu. Mama Wasiwasi anasema hapo katikati hakumbuki kitu, anakumbuka tu mlango wa wodi ya watoto. Walioona wanasema alishuka ngazi mbio mpaka viatu vikabaki nyuma, na dereva anamfuata huku akilia kwa sauti kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Baada ya daktari kumpokea mtoto, wawili hao walibaki wamesimama kwenye kioo cha wodi. Mama Wasiwasi akamuuliza kwa nini hakugonga tu mlango. Dereva alimjibu taratibu, bila lawama yoyote.

"Nilisoma pale mlangoni, nikaona siyo pangu."

Mama Wasiwasi alipanda ngazi, akaomba nyundo kwa seremala, akaung'oa ubao mwenyewe. Haukutoka kirahisi, alikuwa ameupigilia sawasawa, ukavunjika vipande viwili na mlango ukabaki na matundu. Kisha akarudi kwenye kioo. Mke wa dereva aliletwa, akatibiwa, akawa anakamua tone kwa tone na mtoto anapewa kwa kikombe kidogo. Siku kadhaa hakuna aliyejua mtoto anaelekea upande gani. Mama Wasiwasi alikuwa kila akipata nafasi anakwenda kusimama pale na dereva, wanaangalia kifua cha mtoto kikipanda na kushuka. Aliniambia kwamba hajawahi kuogopa vile kabla wala baada yake, na mtu kama yeye akisema hivyo inabidi umwamini. Mtoto alipona. Leo ni binti wa sekondari, na habari nilizo nazo ni kwamba anaongea mpaka baba yake anaomba zamu.

Kuanzia hapo woga wa mama huyu ukahama. Zamani aliwaogopea watoto waliofika chumbani kwake. Sasa akaanza kuwaogopea wasiofika. Alikuwa anaweza kukaa mbele ya chai yake inapoa, anauliza watu kama wanamjua mzazi wa mtaa fulani aliyejifungua juzi, mbona hajaonekana. Akajiuliza nani mwingine ameshasoma kitu mlangoni kwetu akarudi nyumbani, hata kama kitu chenyewe hakikuandikwa.

Ngazi, kwa mfano. Mama aliyepasuliwa tumbo atapandaje mpaka ghorofa ya tatu, na lifti yenyewe mara nyingi mbovu? Akataka chumba kihamie chini, karibu na geti. Akaambiwa nafasi ya chini ina mashine ya kutoa nakala. Alizungushwa ofisi hadi ofisi, akaahidiwa, akasahaulishwa, akarudi tena, na hatimaye ni mashine iliyopanda ghorofa ya tatu. Wenye mashine mpaka leo hawajamsamehe. Kisha akaona wanaofanya kazi kiwandani hawaji, kwa kuwa tunafunga kabla hawajatoka, akaomba chumba kifunguliwe mpaka jioni, na jioni za mwanzo alizikaa mwenyewe. Akaja mama mmoja kiziwi ambaye kila mara alikuwa anasemewa na wifi yake. Mama Wasiwasi akahisi kwamba wifi anajibu ya kwake. Akamwomba yule mama aje atufundishe lugha ya ishara, nasi tukakaa kwenye viti kama wanafunzi, daktari, wafagiaji, mpaka mhasibu, ambaye alikuwa wa mwisho darasani na anajijua.

Walikuja na wengine ambao sisi hatukuwa hata tumewafikiria. Bibi anayelea mjukuu aliyefiwa na mama. Mwanamke aliyeasili mtoto na kutaka kujua kama titi lake linaweza kumsaidia angalau kidogo. Mama anayetumia dawa ambazo haziendani na kunyonyesha, aliyeingia kichwa chini akitegemea kugombezwa. Hakugombezwa. Alifundishwa kumlisha mwanawe kwa kikombe, amemkumbatia kifuani, na akatoka akitembea wima. Mama Wasiwasi alikuwa mkali kwa wafanyakazi, lakini mzazi aliyeshindwa hakumsema, na akimsikia mmoja wetu anamsema mzazi, alimtoa nje wakaongee.

Na akabadilisha salamu. Hili lilimtia matatani kuliko yote. Tangu siku ya dereva, mtu akifika amebeba mtoto, yeye alimfunua mtoto kwanza, amtazame midomo, amshike unyayo, ndipo ainue kichwa amsalimie mwenye kumbeba. Kwa watu wetu hilo ni jambo zito. Mama mkwe mmoja, mtu wa heshima zake, alikasirika akataka kuondoka na mkamwana wake, akisema hajawahi kuona hospitali inayofunua vitu vya watu hata hujambo hakuna. Mama Wasiwasi alimwamkia kwa kupiga magoti, kwa dhati kabisa, ila mtoto alikuwa ameshamwangalia.

Mimi nilipoajiriwa nilipangiwa wodi ya wazazi. Sikuwa na mpango wowote na chumba chake, nilikipita mbali. Siku moja akaniita akasema ananitaka. Nilidhani ni utani. Mwanamume kwenye chumba cha kunyonyesha, ambacho mlango wake wa ghorofa ya tatu bado ulikuwa na matundu ya misumari? Uongozi nao ulishtuka, ukaitisha kikao. Mama Wasiwasi akaja kikaoni na titi alilolishona mwenyewe kwa soksi kuukuu, chuchu ya kitufe, akaliweka mezani mbele ya wakubwa, akaniambia nionyeshe jinsi mtoto anavyokamata bila mimi kumgusa mama. Nikaonyesha kwa mdoli, jasho linanitiririka. Mhasibu aliangalia dari kikao chote. Walikubali, na nashuku walikubali ili lile titi liondolewe mezani.

Sababu yake ilikuwa kwamba baba akimkuta mwanamume mwenzake ndani ataingia. Na kweli wameingia. Akina mama wameniita Mjomba, wengi wamenizoea, wasionitaka wamepewa muuguzi mwanamke bila kuulizwa sababu, na hivyo ndivyo itakavyoendelea. Lakini miaka yote hiyo nilifanya kazi nikijua kwamba nyuma yangu kuna jozi nyingine ya macho. Mtoto akinipita, yeye hatampita. Nililala usingizi kwa sababu ya woga wa mtu mwingine. Tangu tarehe ya kustaafu kwake ibandikwe, usingizi huo sina.

Jumatatu ya wiki hii akaniambia nikae chumbani peke yangu, yeye atakaa nje kwenye benchi pamoja na wazazi. Nilimbembeleza. Akafungua pochi yake, akatoa uzi na sindano zake za kufuma, akajifanya hanisikii.

Jumanne mchana akaingia shangazi mtu na pacha wawili wa kaka yake, mmoja kila mkono. Mama yao alikuwa nyumbani, amepasuliwa, hawezi hata kukaa vizuri. Pacha mkubwa alikuwa analia vioo vinatetemeka. Chumba kizima kikamgeukia, mama mmoja akainuka ampokee, mwingine anashauri abebwe begani. Pacha mdogo alikuwa kwenye mkono wa pili, amefunikwa vizuri mpaka kidevuni. Nikamwendea huyo. Shangazi akanisogezea yule anayelia karibu na uso wangu.

"Huyo muache alale, hana neno," akasema. "Huyu ndiye anayetuua."

Nakiri, nusura nimpokee anayelia. Watu wananitazama, yule shangazi kachoka, mtoto anapiga kelele za kupasua kichwa, na mimi nafunua shuka la aliyelala. Nilijiambia kwamba nikimkuta ameshiba nitachekwa. Niliomba nichekwe. Unyayo wake ulikuwa wa baridi. Uso una umanjano, na nilipomkwaruza taratibu hakuvuta mguu. Nikambeba nikatoka mbio.

Nilimpita Mama Wasiwasi pale kwenye benchi. Aliuona uso wangu, akaona nilichobeba, na hakuinuka. Alikuwa ameishika pochi yake kwa mikono yote miwili. Nilipokuwa nakunja kona nilisikia kelele za pacha mkubwa zinapungua, nikajua Mama Wasiwasi ameingia ndani kumshughulikia huyo, na kwamba huyu niliye naye ni wangu.

Daktari hakufanya mzaha wowote. Sukari ilikuwa chini mno, mtoto amepungua kuliko inavyokubalika, hana nguvu ya kunyonya. Akawekewa mrija puani. Gari la hospitali likatumwa kumfuata mama. Tulipomuuliza shangazi walikuwa wanawalisha vipi, alieleza bila kuficha: mama anakamua kidogo kwa maumivu, yeye anawapa kwa kijiko, akianza na anayelia kwa sababu ndiye anayedai. Mdogo alikuwa hadai kitu. Yule shangazi ni mtu mwema, hajalala vizuri tangu watoto wazaliwe, na nilipomwona ameelewa nilitamani asingeelewa. Mama alipofika aliketishwa karibu na mtoto, akawekewa kifuani, ngozi kwa ngozi. Akakamua. Maziwa yakapita kwenye mrija. Mtoto akilishwa usingizini hafumbui macho, hajui kama amekula.

Jumatano ikapita, hajanyonya mwenyewe hata mara moja. Jioni, zamu imekwisha, Mama Wasiwasi akaja mlangoni mwa wodi ya watoto amevaa koti lake, pochi begani. Wenzake walikuwa wanamsubiri getini wampige picha.

"Amenyonya?" akaniuliza.

"Bado."

Miaka yote niliyomjua, hajawahi kuondoka kwenye jengo hili na jibu kama hilo. Nilisubiri avue koti. Naandika wazi, wakubwa wa kazi wasome, nilitaka avue koti, anisukume pembeni, aingie. Nikamwambia kwamba naogopa. Sikumwambia kwa fumbo, nilimwambia hivyohivyo.

"Nakuona," akasema. "Nenda kamwangalie. Na mimi sitapiga simu, maana nikipiga utaanza kunisikiliza mimi."

Akaondoka. Kwenye dirisha la wodi nilimwona anafika getini, anapigwa picha na wenzake, kisha wenzake wanatawanyika na yeye anabaki amesimama peke yake akiangalia jengo. Nilidhani atarudi. Alisimama muda mrefu sana. Halafu akageuka akaenda zake, na mimi nikaenda kumwangalia mtoto.

Alhamisi hakupiga. Nami sikumpigia, kwa kuwa sikuwa na la kumwambia. Mchana mtoto alilamba titi, akavuta kidogo, akachoka, akalala. Daktari alikuja, akasoma kipimo, akasema tutaona, na mimi daktari akisema tutaona presha inapanda. Nilijaribu kukaa niandike hizi sifa za kuchangamsha. Niliandika ya tai, niliandika ya mashine ya nakala, na kila nikicheka nilijisikia vibaya nikainuka kwenda wodini. Shangazi alikuwa amekaa pale na pacha mkubwa magotini. Aliniuliza kama mdogo atapona. Sikuweza kumjibu ndiyo, na hapana sikutaka hata kuisikia mdomoni mwangu. Nikamwambia niko hapa.

Hapo ndipo nilipoiacha karatasi jana jioni. Sasa ni Ijumaa asubuhi, mchapaji amepiga simu mara mbili, anasema kama sherehe inahitaji ratiba niimalizie sasa hivi.

Basi tunashukuru. Uongozi unamshukuru muuguzi huyu kwa utumishi uliotukuka, na mimi naongeza kwamba unamshukuru pia kwa kuusumbua. Wodi ya wazazi inamshukuru. Daktari anamshukuru na anamdai tai. Dereva wa lori na binti yake watakuwepo mchana, na binti ameomba kuongea, hivyo tujiandae kukaa. Watoto wa Mama Wasiwasi tunawaomba radhi kwa jioni zote tulizowakopa mama yao, na tunawakabidhi akiwa mzima, hata kama ana wasiwasi.

Na wewe, mama. Najua utasomewa maneno haya ukiwa umekaa mbele ya watu, umevaa vizuri, unatabasamu, na hujalala tangu Jumatano. Wakati wanaleta keki wewe utakuwa unanitafuta kwa macho uone uso wangu umekaaje. Sitakuwepo, zamu ni yangu. Kwa hiyo pokea habari kabla ya zawadi. Asubuhi hii, mama yake akiwa amemweka kifuani, pacha mdogo amefungua mdomo mwenyewe, amekamata titi la kushoto, amenyonya mpaka mama yake akaanza kulia na shangazi akashindwa kusimama. Nilimsikia akimeza, mama. Nepi nimeibadilisha mimi, imelowa chepechepe. Daktari hajasema yuko salama, amesema tungoje mpaka kesho. Tunakutakia mapumziko mema na miaka mingi ya amani. Kula keki yako, nenda nyumbani, ulale. Mtoto nitamwangalia mimi.